Gershom na Kirapo cha Uwanjani

Gershom wa Nguma hakuwa mchezaji. Mpira ukimjia miguuni aliuokota kwa mikono miwili, kama mtu anayeokota papai lililoiva sana, akaurudisha kwa adabu. Alichokipenda yeye ni kile kilicho chini ya mpira. Ungemuuliza habari za mchezo wa jana, nani kafunga na nani kafungwa, naye angekujibu kwamba mbele ya goli la upande wa Magongo nyasi zimechubuka, na kwamba wale jamaa wa reli wana miguu mizito. Watu walimcheka. Mkewe, Dorcas, alisema mumewe angezaliwa mbuzi angalau hayo mapenzi yake yangemshibisha.

Alikuwa mtunza uwanja wa Changamwe. Wakati wa vita uwanja huo ulichukuliwa na askari. Walipiga mahema, wakaegesha malori, wakachimba vyoo, na vita vilipokwisha mwaka wa 1945 wakaondoka wakatuachia vumbi na mashimo. Hatukulalamika sana, tulikwisha zoea kuachiwa mashimo. Lakini ofisi iliyosimamia viwanja ilitaka vijana wa bandarini na wa reli wapate mahali pa kuchezea jioni badala ya kwenda kulewa tembo, ndipo Gershom akapewa kazi ya kurudisha nyasi.

Hakuna aliyemfundisha. Alikwenda Mikindani, bondeni penye unyevu, akang'oa ukoka, zile nyasi zinazotambaa na kuishika ardhi kila zinapoigusa. Aliubeba kwa magunia yaliyoloweshwa, akaupanda kipande kwa kipande huku amepiga magoti. Vuli nzima tulimwona hivyo, mgongo juu na kichwa chini. Wako wanaosema aliuimbia nyimbo za kanisani. Hilo silithibitishi. Ninalojua ni kwamba ilipofika Krismasi palikuwa na majani mabichi mahali ambapo malori yalikuwa yamemwaga mafuta, na Gershom alivaa suti yake ya harusi akaenda kumwonyesha mkewe.

Ofisi nayo ikaleta sheria. Ziliandikwa kwenye ubao, Kiingereza juu na Kiswahili cha ofisini chini yake. Asicheze mtu bila kibali. Asikatize mtu. Mifugo marufuku, ngoma marufuku. Mvua ikinyesha uwanja umefungwa, hata kwa wenye kibali. Na kwa kuwa nyasi zilikuwa bado changa, zipumzike mpaka masika yaishe, kisha ndipo timu zianze kuomba vibali kwa karani. Karani mwenyewe aliitwa Phineas, kijana nadhifu wa kutoka bara, soksi zimefika magotini. Aliketi na mhuri wake akingoja waombaji, na aliyekuja kwake alikuja kumwuliza njia ya kwenda stesheni.

Msituone wajinga. Watu walikuwa wakipita pale kwenda kisimani toka baba zao hawajazaliwa. Utamwambia nini mwanamke mwenye debe la maji kichwani, kwamba aende ofisini kwanza akaombe ruhusa ya kufika kwake? Mwanatabu, aliyefuga mbuzi nyuma ya uwanja, aliukuta ule ubao unafaa kabisa kwa kufungia mbuzi. Gershom akazungusha kamba ya makumbi ya nazi pande zote nne. Akina mama wakaanika nguo juu yake. Alikemea, alisihi, alisimama kwenye jua na fimbo asiyothubutu kumpiga nayo mtu. Kisha ikaja harusi ya watu wa Miritini, na vijana wakacheza ngoma pale katikati tangu mchana hadi jua lilipokuchwa. Jumatatu Gershom alipoona ule ukoka umesagwa ukawa kama majani ya chai, alikaa chini akalia, mtu mzima mwenye mvi.

Phineas alikuja kutazama, akatikisa kichwa. "Mzee Gershom, mkubwa anakuja baada ya masika. Asipokuta nyasi, kazi hii atapewa mtu mwingine. Mimi nakwambia kwa wema."

Sasa ni lazima niseme habari za babake, maana bila yeye haya yote yasingetokea. Gershom alitoka Rabai, na mzee Nguma hakubatizwa kamwe. Kazi yake ilijulikana kutoka Rabai mpaka Jomvu: alilinda mali za watu kwa virapo. Mtu akiibiwa nazi zake, alimwita Nguma, naye Nguma akaja akafunga kitu kwenye mnazi, gamba la konokono, kipande cha kaniki, kuti lililosokotwa, akasema maneno yake akaenda zake. Mwizi akigusa, tumbo lilimvimba. Dawa ya mtu aliyeshikwa na kirapo ilikuwa moja tu: aende kwa mwenye mali na kuku mkononi, akiri kosa, na mwenye mali amtegue kwa maneno. Waswahili wa kisiwani nao wana kitu chao, wanakiita kago, mambo ni yale yale. Gershom alikimbilia misheni akiwa kijana ili asirithi kazi hiyo. Alipobatizwa, babake hakusema naye tena mpaka kufa.

Basi huyu mtu aliyemwacha babake kwa ajili ya Injili, siku ile alipokwisha kulia, alikwenda kisimani akaokota gamba kubwa la konokono, tupu, limepauka kwa jua. Alirarua kipande cha kaniki kuukuu ya mkewe. Akasokota kuti. Akavifunga vitu hivyo vitatu kwenye mlingoti wa goli la upande wa Magongo, juu kidogo ya kichwa cha mtu. Hakusema neno lolote, si wakati ule wala baadaye. Hiyo ndiyo hila yake ilivyokuwa. Hakumwambia mtu kuwa ni kirapo. Watu wenyewe walijua yeye ni mtoto wa nani.

"Baba Margaret," Dorcas alimwambia mumewe alipogundua kaniki yake ilikokwenda, "mzaha mzaha hutunga usaha. Kile kitu kiondoe."

"Ni gamba tupu, mama. Konokono mwenyewe alikwisha hama."

"Wewe unajua ni tupu. Wao je?"

"Ndiyo maana yake," Gershom akasema, akacheka. "Masika yakiisha nitakiondoa, na hakuna atakayekuwa amedhurika ila mbuzi wa Mwanatabu."

Nacho kikafanya kazi kuliko ubao, kamba na mhuri vikiwekwa pamoja. Akina mama walianza kuzunguka na madebe yao. Mbuzi walihamishwa. Musyoka, Mkamba aliyelinda ghala la reli, mtu aliyezoea kutucheka sisi wa pwani kwa mambo yetu, ndiye aliyezunguka mbali zaidi. Alisema kwao vitu vya namna hiyo vipo na havina mchezo. Hata kanisani nafasi iliongezeka kwenye benchi la Gershom. Mchungaji alikuwa mgeni, hakujua kwa nini. Nyasi zikafunga, zikawa nene, na Phineas akaandika ofisini kwamba wananchi wa Changamwe wameanza kuzielewa sheria.

Mtu mmoja tu hakusogea kwenye benchi, naye ni Mramba. Mramba na Gershom waliteremka pamoja kutoka Rabai wakiwa vijana, wakajenga nyumba zao jirani, na mke wa Mramba alipofariki ni Dorcas aliyemlelea mtoto wake wa pekee. Mtoto huyo ni Justus. Gershom ndiye aliyemshika kwenye maji ya ubatizo, na tangu aanze kusema Justus alimwita baba sawa na alivyomwita babake mzazi. Alikua akawa kuli bandarini, akamwoa Mapenzi, wakapata binti. Na alikuwa winga wa kushoto ambaye ukimtazama ulisahau ulikokuwa unakwenda. Mguu wake wa kushoto haukuwa na kidole kidogo. Sanduku la bandarini lilikiponda.

Justus na wenzake walikuwa wa kwanza kuomba kibali. Phineas aliwaambia wangoje mpaka masika yaishe, kama sheria inavyosema. Wenzake wakangoja. Justus naye alingoja, lakini kila asubuhi akienda bandarini alipita kando ya ile kamba akauona ukoka ulivyofunga, na kila jioni makuli wenzake walimchokoza. Wewe si ndiye mtoto wa mwenye uwanja? Au nawe unaogopa konokono? Alfajiri moja akainama chini ya kamba na mpira wake kwapani. Alikimbia goli hadi goli, peku, peke yake, kisha akatoka akacheka mbele za wenzake waliokuwa wakimtazama kutoka barabarani. Akaenda kazini.

Gershom alipofika aliona nyayo kwenye umande. Aliuona mguu wa kushoto wenye vidole pungufu, akajua. Hakukasirika hata kidogo. Aliziinua kwa mkono nyasi zilizolala, akatabasamu, na Jumapili walipokuwa wakitoka kanisani alimshika Justus bega.

"Nyasi zina macho, mwanangu," alimwambia.

Alikuwa anatania. Ndivyo alivyokuwa akimtania toka udogo wake, na siku nyingine yoyote Justus angejibu kwa mzaha mwingine. Siku hiyo alicheka nusu akanyamaza. Mapenzi, aliyekuwa kando na mtoto mgongoni, aliona uso wa mumewe umebadilika, akamwuliza ana nini. Hakumwambia.

Mvua za masika zikashuka. Kila mwaka zinapokuja huja na mbu, na mbu huja na homa. Hilo si siri kwa mtu wa Changamwe. Justus alishikwa na homa akatetemeka mpaka kitanda kikalia. Homa hizo sote tumezipata. Lakini upande wa kushoto wa tumbo lake, chini ya mbavu, palianza kuvimba na kuuma, na alipopashika pale akaanza kulia. Ndipo akamwambia mkewe alichokifanya, na Mapenzi akamwambia Mramba.

Mramba alifika kwa Gershom asubuhi, mvua inanyesha, ameshika kuku. Miaka yote aliingia nyumba hiyo bila kubisha. Safari hii alisimama nje chini ya matone ya makuti akapiga hodi, na Gershom alipoisikia hodi ile moyo ulimshtuka kabla hajaona kuku.

"Karibu, Mramba. Mbona unasimama nje?"

"Ndugu yangu, nimekuja kukiri," Mramba akasema. "Mwanao alikanyaga. Ni utoto, si dharau. Homa haishuki, na tumbo limevimba. Nakuomba umtegue."

Gershom hakuelewa mara moja. Alipoelewa, akapaza sauti. "Nimtegue nini? Mtoto ana homa, Mramba! Mpeleke hospitali. Mimi sikuweka kitu pale."

"Najua umekasirika. Una haki."

"Sijakasirika. Haki ya Mungu, hakuna kitu! Lile gamba nililiokota kisimani nikalifunga kuwatisha wenye mbuzi. Sikusema neno juu yake. Mimi ni Mkristo kama wewe."

Mramba alimtazama kwa huzuni. "Babako naye alikuwa akisema hivyo hivyo," akajibu taratibu. "Aliyegusa minazi yake mwenyewe akija, na yeye hajapoa moyo, alimwambia, mimi sikuweka kitu. Nilimsikia kwa masikio yangu. Usinifanyie hivyo, Gershom. Mimi nina huyu mmoja tu."

Hapa ndipo ninapomwonea huruma Gershom, na hapa hapa ndipo ninapotaka kumpiga kofi. Dorcas alikuwa mlangoni amesikia yote. Alimvuta mumewe ndani akamnong'oneza: "Sema yale maneno. Unayajua. Sema, mmwagie maji, kisha umwambie sasa mpeleke hospitali. Atakwenda, atakusikiliza kwa lolote."

"Niseme uongo kwa jina la mizimu? Mimi?"

"Uongo umeutundika golini muda wote huu. Leo ndiyo umeona haya?"

Lakini Gershom alikuwa ameshikwa na ukweli wake, na mtu aliyechelewa kusema kweli huisema kwa kelele. Alimshika Mramba mkono akamkokota mpaka uwanjani, kwenye mvua, kuku bado yuko kwapani mwa mwenzake. Wakapita juu ya ukoka, Mramba akikanyaga kwa ncha za vidole kama mtu anayepita juu ya makaa. Gershom aliikata kwa panga kamba iliyofunga vile vitu golini, akalishika gamba akamwonyesha ndani yake.

"Unaona? Tupu! Kuna nini humu? Niambie, kuna nini?"

Kisha akalipigiza kwenye mlingoti likavunjika vipande vipande, na vipande akavikanyaga kwa kisigino. Alidhani kwa kufanya hivyo atamfungua rafiki yake macho.

Mramba alimwachilia kuku. Aliweka mikono yote miwili kichwani.

"Umekivunja," akasema. "Gershom, umekivunja na mtoto wangu bado yumo ndani."

Aligeuka akaenda kwake akikimbia, mtu wa umri wake, akiteleza kwenye matope. Gershom alibaki na panga mkononi. Alikuwa amesahau, au alijitia kusahau, jambo ambalo kila mtoto wa Rabai analijua: kirapo hakivunjwi kabla ya kuteguliwa, maana aliyeshikwa hubaki ameshikwa, na hata mwenye mali hawezi tena kumtoa isipokuwa kwa msaada wa mganga mkubwa kuliko yeye.

Alikimbia kwa dresa, mtoa dawa. Zahanati ilikuwa mbali kidogo na pale, na dresa alikuwa na wagonjwa wengine. Gershom alimsihi, akamweleza habari za homa na uvimbe wa upande wa kushoto. "Hiyo ni bandama," dresa akasema, akichukua mkoba wake. "Homa imemkaa muda mrefu. Tumpe kwinini, kisha apelekwe hospitali ya kisiwani leo hii." Walikwenda pamoja chini ya mwavuli mmoja. Walipofika nyumbani kwa Mramba mlango ulikuwa wazi na kitanda kitupu. Jirani aliwaambia wamepanda lori la kwenda Mazeras, wanampeleka mgonjwa Rabai kwa mganga.

Kulikuwa na watu waliosema baadaye kwamba Gershom alikwenda nyuma yao ili ahakikishe wamekufa wote. Binadamu hatukosi la kusema. Mimi najua alivyokwenda, kwa baiskeli ya kuazima ambayo hakuijua vizuri, akianguka na kuinuka, mvua usoni. Alilikuta lile lori Miritini, limesimama kando ya barabara. Dereva na abiria walikuwa wamesimama mbali kidogo. Mapenzi alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, na kichwa cha Justus kilikuwa juu ya mapaja yake kimefunikwa leso. Mramba alisimama akimkinga maiti mvua kwa koti lake.

Gershom alipiga magoti kwenye matope akalia kwa sauti. Mramba hakumfukuza. Hilo ndilo lililomuumiza Gershom mpaka mwisho wa maisha yake, alimwambia Dorcas mara nyingi. Laiti angemtukana, laiti angempiga teke. Badala yake Mramba alimgusa bega akamwambia, "Tusaidie kumwinua, ndugu yangu."

Tulimzika Justus Changamwe. Watu walihudhuria wengi, makuli kwa makarani, na hakuna aliyemnyooshea Gershom kidole. Kwa watu wetu kirapo hakimwonei mtu, humshika aliyekosa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wazee walisema, na wakasema kwa huzuni, wala si kwa chuki. Aliyefiwa ndiye aliyeona haya. Gershom alijaribu kueleza. Aliwaambia watu mmoja mmoja kwamba hakukuwa na kitu, kwamba ni homa, kwamba dresa mwenyewe kasema. Walimsikiliza kwa heshima wakaitikia, "Ndiyo, mzee," kisha wakaondoka wakiwa wamezidi kumwogopa. Watu waliomzidi umri walianza kumwamkia shikamoo.

Mkubwa wa ofisi alikuja masika yalipoisha. Alivua viatu akatembea peku juu ya ukoka, akafurahi kama mtoto, akampa Gershom mkono mbele ya watu. Phineas alitoa vibali. Timu za kisiwani zilikuja zikacheza, za reli zikacheza. Kibali cha timu ya Justus kilipigwa mhuri kikawekwa mezani, na hakuna aliyekwenda kukichukua. Vijana wale walihamia uwanja wa vumbi kule Magongo, na mpira wao tuliusikia kutoka mbali.

Gershom aliacha kwenda kanisani kwa muda. Dorcas alimpikia, akamwekea chakula, akakitoa hakijaguswa. Hakumwambia, nilikwambia. Ningekuwa mimi ningemwambia.

Kisha siku moja, alasiri, hodi ikapigwa tena. Alikuwa Mramba, amekonda mpaka kola ya shati imemzunguka shingo kama ya mtu mwingine. Nyuma yake alisimama Mapenzi na leso nyeusi, na binti yake mikononi. Mtoto alikuwa akikohoa. Mramba alikuwa na kuku mweupe.

"Shikamoo, baba," Mapenzi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Ingieni. Ingieni ndani, nawaombeni."

Waliingia wakaketi. Mramba aliweka kuku sakafuni. "Ndugu yangu," alianza, "Justus amekwenda, hilo limekwisha. Lakini unajua kitu hiki hufuata damu, na kwa waliobaki neno la mwenye mali bado linafaa. Mtoto huyu anakohoa, hanyonyi sawasawa. Mapenzi halali, humsikiliza anavyopumua mpaka kunakucha. Mimi mwenyewe nikila nahisi tumbo linavimba. Tumekosa, tunakubali. Tusamehe tuliobaki."

Gershom alifungua kinywa ili aseme lile alilokuwa akilisema kwa kila mtu. Alimtazama mtoto. Akamtazama Dorcas, aliyekuwa amesimama karibu na mtungi. Dorcas alichota maji kwa kata, akamletea.

Alichukua ile kata. Akaanza kusema kwa Kirabai, polepole kwanza, yale maneno aliyoyasikia utotoni kupitia ukuta wa chumba cha babake, na ambayo alikuwa hajayatamka hata siku moja. Akasema mali imerudi kwa mwenyewe. Akasema mwenyewe ameridhika. Akasema aliyefungwa afunguke, na tumbo lipoe, na usingizi urudi. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta. Alijaza maji kinywani akampulizia mtoto, akampulizia Mapenzi, akampulizia Mramba. Mtoto alishtuka kwa ubaridi akalia kwa nguvu.

Mramba alishusha pumzi ndefu. Mabega yake yalilegea, akafunga macho, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uso wake ulikuwa uso tulioujua.

"Sasa," Gershom akasema kwa shida, "mpelekeni mtoto kwa dresa apewe dawa ya kifua."

"Tutampeleka," Mramba alijibu papo hapo, akiinuka. "Tunakwenda sasa hivi. Wewe ukisema twende, sisi ni nani hata tukatae?"

Dorcas aligeuza uso ukutani.

Mapenzi alikuwa akimfunga mtoto mgongoni. Alikaza fundo la leso, akatazama chini, kisha akamtazama Gershom usoni. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua tu.

"Baba, mimi si wa kukuuliza. Lakini maneno ulikuwa unayajua. Mbona siku ile hukuyasema?"

Gershom alisimama na kata mkononi.

"Nyamaza, mwanangu," Mramba akamwambia mkwewe kwa upole. "Tumekwisha samehewa."

Wakaaga, wakatoka, wakashika njia ya kwenda kwa dresa. Ilikuwa fupi zaidi kukatiza uwanjani, lakini walizunguka.